Bomba lilipofika, vyoo vikajaa: kisa cha senta moja huku Kasese

Hii ni habari ya senta moja ndogo chini ya mlima Rwenzori, wilaya ya Kasese magharibi mwa Uganda, upande wa kwenda Mpondwe mpakani na Kongo. Jina naliacha, maana wenyewe bado wanaishi pale na sioni faida ya kuwaanika. Ni senta ya kawaida tu, barabara moja, maduka pande zote mbili, stendi ya boda, loji mbili, hoteli za chakula, soko la mara moja kwa wiki, na shule ya bweni kwa juu kidogo. Wanapita watu wa kila aina, Wakonzo wa hapahapa, wafanyabiashara wa kutoka Beni na Butembo kule Kongo, madereva wa malori, ndo maana hata kwenye mkutano wa kijiji mtu anaanza na Lukonzo halafu anageuza Kiswahili ili wote washike.

Kwa miaka maji yalikuwa ya kubeba. Halafu ukaja mradi wa maji ya mtiririko, yaani chanzo kiko juu mlimani, maji yanashuka yenyewe kwenye bomba bila pampu, Kasese ina miradi mingi ya aina hiyo kwa sababu mlima wenyewe uko karibu. Watu walifurahi na walikuwa na haki ya kufurahi. Vikaanza vioski, baadaye wenye uwezo wakavuta bomba mpaka uani, loji zikaweka bafu na vyoo vya kuflashi, shule nayo ikajenga mabafu ya wanafunzi. Kwenye mikutano yote ya mradi watu walijadili chanzo, tenki, mita, bei ya jerikeni, nani atakaa kioskini. Haya maji yakishatumika yaende wapi? Hilo halikuwemo.

Sasa tupige hesabu kidogo maana kisa chote kimekaa hapo. Mtu anayebeba maji kichwani anatumia lita 20 hivi kwa siku. Bomba likiwa uani kwake anafika 40, 50, wengine zaidi, si kwamba ni mfujaji, ni kwamba sasa anaoga vizuri na anafua nyumbani. Wahandisi wakikadiria maji taka huwa wanachukua kama asilimia 80 ya maji yaliyoingia. Tuseme senta ina watu 500 na kila mmoja anatumia lita 40, hizo ni lita 20,000 kwa siku, na 16,000 kati ya hizo zinarudi zikiwa chafu, kila siku, Jumapili hakuna likizo. Zamani kiasi kidogo kilimwagwa uani jua likamaliza. Hii ya sasa jua haliimalizi.

Ikaenda wapi? Ikaenda chooni. Mwenye nyumba anajenga bafu karibu na choo cha shimo, anaona shimo si lipo tayari, kwa nini achimbe lingine, anapitisha kibomba maji ya kuoga yaingie humo. Nyumba ya kwanza, ya pili, ikawa ndo mtindo wa senta nzima. Na shimo la choo huwa linafanya kazi kwa sababu ni kavukavu: mkojo unanyonywa na udongo, kinyesi kinaoza taratibu na kupungua, kwa hiyo familia inaweza kutumia shimo moja miaka mingi. Ukiingiza maji ya sabuni kila siku, vitundu vya udongo vinazibwa na utelezi ule wa uchafu, ukuta wa shimo hauvuti tena, shimo linageuka tangi lisilo na mlango wa kutokea. Halafu inakuja mvua ya Machi mpaka Mei, maji ya ardhini yanapanda, na shimo ambalo jioni lilikuwa limebakiza mita moja, asubuhi unalikuta limefurika mpaka mlangoni.

Loji ndo ilikuwa mbaya zaidi. Vyoo vya kuflashi vya wageni vilikuwa vinaingia kwenye shimo ambalo fundi aliliita septiki tenki lakini halikuwa septiki tenki, lilikuwa shimo kubwa lililofunikwa zege, halina sakafu, halina vyumba viwili, halina chochote. Likajaa, likatafuta njia, likaipata kwenye mfereji wa barabara. Na mfereji wa barabara unashuka, na kule chini kuna chemchem.

Hapo mtu atauliza, si kuna bomba, chemchem ya nini? Bomba ni la kulipia bwana, na kuna siku linakauka, na chemchem ni ya bure. Mama mwenye watoto sita hawezi kununua kila jerikeni. Maji ya kunywa anachukua bombani siku hela ipo, siku haipo anashuka chini kama alivyofanya mama yake. Na ile kanuni ya mita 30 kati ya choo na chemchem, ambayo kila mtu anaikariri, haisaidii kitu kama uchafu unasafiri juu ya ardhi kwenye mfereji.

Na Kasese hatuwezi kusema hatukujua. Mwaka 2015 kipindupindu kilianza upande wa Bwera karibu na mpaka, kikasambaa wilayani kwa miezi kadhaa, wagonjwa wakapita 100, na waliochunguza walikihusisha na maji ya kunywa yaliyochafuliwa na kinyesi. Kwa hiyo wazee wa senta walipoona mfereji unanuka na watoto wanaharisha hawakuhitaji kuhubiriwa. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akaitisha mkutano, na tatizo la mkutano halikuwa kukosa mawazo, yalikuwepo mengi mno.

Wazo la kwanza, ambalo lilipigiwa makofi, ni kujenga mabwawa ya maji taka kama ya mjini na kuunganisha kila nyumba kwa mabomba. Mimi nilikuwa upande wa waliokataa na bado nakataa. Mabwawa yanafanya kazi vizuri tu, jua na mwani na muda vinasafisha maji bila umeme, lakini yanataka ardhi tambarare, na huku tambarare iliyobaki kila kipande kina mwenyewe, ukishuka zaidi umeingia hifadhi ya Queen Elizabeth. Na kabla ya bwawa kuna mabomba ya kupeleka huo uchafu, na bomba la maji taka linataka maji mengi ya kusukuma. Kwa nyumba zinazotumia lita 40 kwa mtu, tena nusu yake hazina choo cha kuflashi, bomba hilo litaziba kabla ya Krismasi.

Wazo la pili ni kila nyumba ijenge septiki tenki ya kweli. Hapa kuna jambo watu wengi wanalikosea, hata mafundi. Wanaamini septiki inasafisha maji. Haisafishi, inatuliza. Maji yanakaa humo siku moja au mbili, vizito vinazama, mafuta yanaelea, na kinachotoka upande wa pili ni maji yaliyopungua uchafu kwa theluthi, ikienda vizuri nusu, lakini vijidudu vya magonjwa karibu vyote vinatoka navyo. Kuna kipimo kinaitwa BOD, ni kiasi cha oksijeni ambacho bakteria watatumia kula uchafu ulio ndani ya maji kwa siku 5, na kanuni za Uganda za mwaka 1999 za kumwaga maji taka ziliweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Maji taka ya sehemu kama hizi, kwa vile watu wanatumia maji machache, ni mazito, BOD yake inakwenda mamia. Kata nusu, bado uko mbali sana na 50. Septiki bila kitu nyuma yake ni nusu ya kazi, na kwa familia inayouza muhogo ni nusu ya kazi kwa bei kubwa.

Mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi Kisoro akaleta wazo la vyoo vikavu vinavyotenganisha mkojo na kinyesi. Kisoro walikuwa na sababu, chini ni mwamba wa volkano, kuchimba shimo pale ni kesi, na ule mradi wa maji wa miji ya kusini magharibi ulivisambaza sana vyoo hivyo. Kwa nyumba ambayo watu wake wamefundishwa na wanakijali, ni choo kizuri. Lakini kwa loji ambayo mgeni analala usiku mmoja na anaondoka na basi la alfajiri, hatajua wala hatataka kujua mkojo unaenda tundu gani, na choo kile kikishalowa kwa ndani kimeharibika.

Kilichokubaliwa mwisho ni kugawa tatizo, na nafikiri ndo uamuzi wa akili kuliko yote kwenye kisa hiki ingawa uliamuliwa zaidi kwa sababu hela haikutosha kwa kingine. Nyumba za kawaida zibaki na vyoo vya shimo, lakini bafu litolewe chooni. Maji ya kuoga na kufulia yaende kwenye migomba, kishimo kifupi kilichojazwa majani makavu na maganda, mgomba pembeni, na usimwage sehemu moja siku zote. Matoke hayana shida na maji ya sabuni ya kiasi, na uzuri wa mgomba ni kwamba unakunywa kwelikweli. Hii kazi haikuhitaji mfadhili, ilihitaji jembe na mjumbe wa afya wa kijiji anayejua kusumbua watu kwa upole. Nyumba nyingi zilifanya, chache zilirudisha kibomba chooni baadaye kwa sababu uwanja ni mdogo na jirani alilalamika, na hao wenye viwanja vidogo kabisa kando ya barabara ukweli ni kwamba mpaka leo hawana jibu zuri.

Wakubwa watatu, yaani loji, hoteli na shule, ndo wakaunganishwa kwenye mtambo mdogo. Neno mtambo linatisha lakini hakuna mashine hata moja. Maji yanashuka kwa mteremko, yanaingia septiki ya vyumba viwili, cha kwanza kikiwa kikubwa kama theluthi mbili ya tangi lote, halafu yanapita polepole kwenye kitanda cha kokoto chenye kina cha nusu mita na kidogo kilichopandwa matete. Kazi haifanywi na matete peke yake kama wengi wanavyodhani, inafanywa na bakteria wanaoota kwenye kokoto, matete yanafungua njia kwa mizizi na kupeleka hewa kidogo. Maji yanatakiwa yabaki chini ya uso wa kokoto, usiyaone, na hilo lilimaliza hofu ya mbu ambayo wamama waliileta kwenye mkutano, tena hofu ya haki kabisa huku kwetu kwenye malaria. Kwa sehemu za joto wanakadiria mita ya mraba moja hadi mbili kwa kila mtu, kwa hiyo shule ya wanafunzi 300 peke yake inataka kati ya 300 na 600, ambayo ni ardhi lakini si bwawa. Shule ilitoa kona ya shamba lake. Maji yanayotoka mwisho yanaenda kwenye mtaro wa majani ya mifugo, si kwenye chemchem, maana kitanda cha kokoto kinapunguza vijidudu sana lakini hakivimalizi, na anayekwambia maji yake ni ya kunywa anakudanganya.

Basi, mwanzo kulikwenda vizuri, harufu ya mfereji ikakata, watu wakaleta wageni kuonyesha. Halafu kitanda kikaanza kusimamisha maji juu.

Ilikuwa mafuta. Hoteli za pale zinakaanga samaki wa ziwa Edward kutwa nzima, chapati asubuhi, sombe na mafuta ya mawese mchana, na masufuria yote yanaoshwa kwenye sinki moja. Mchoro ulikuwa na kisanduku cha kunasa mafuta kabla ya septiki, kikajengwa, ila kilijengwa ndani ya uzio wa hoteli na mwenye hoteli akakifunika na kuni. Kisanduku cha mafuta kisipochotwa kila wiki ni sawa na hakipo. Mafuta yakapita, yakaingia septiki, yakapita tena, yakaganda kwenye kokoto za mwanzo pale maji yanapoingilia. Ikabidi vijana wazichimbue zile kokoto za mwanzo, waoshe, warudishe, kazi chafu ambayo sitamwombea mtu. Kilichotatua kilikuwa kitu cha kijinga kabisa, kisanduku kilihamishiwa nje ya uzio ambako kila anayepita anakiona, na kufunika na kuni kukaisha.

Shuleni shida ilikuwa nyingine. Pedi na vitambaa vinatupwa chooni kwa sababu msichana hana pa kuvitupa bila kuonekana, na ukimfokea hausaidii chochote. Matroni aliwaambia wanaume wa kamati wazi, "Wazee wangu, mnataka wasichana wasitupe chooni, mmewapa wapi pa kutupa?" Wakanyamaza. Ndoo zenye mfuniko ndani ya kila choo na tanuru dogo la kuchomea nyuma ya bweni, kuziba kukapungua kuliko ilivyopungua kwa mabango yote yaliyobandikwa. Halafu kulikuwa na ile tabia ya kumwaga klorini nyingi chooni siku ya ukaguzi ili panukie hospitali, ambayo inaua bakteria walewale mnaowategemea.

Na kuna kitu ambacho hakikupangwa kikawa bahati. Shule ikifunga, maji yake yanakatika wiki kadhaa, kitanda cha shule peke yake matete yangenyauka na bakteria wangekufa njaa. Loji hazifungi. Na siku ya soko loji na hoteli zinapandisha ghafla wakati shule iko vilevile. Kuwachanganya hawa kulisawazisha mtiririko, na kama mtu ananiuliza nijenge mtambo wa shule peke yake au nitafute jirani wa kuchangia, namwambia tafuta jirani, hata kama mtagombana.

Sasa tufike kwenye tope la choo, maana hapa ndo penye kisa chenyewe. Kila mtu alihesabu maji, hakuna aliyehesabu tope. Makadirio ya kawaida ni lita 40 za tope kwa mtu kwa mwaka kwenye choo chenye maji, vyoo vikavu vya shimo vinafika 60, hata 90 kama watu wanatupa takataka humo. Rudi kwa wale watu wetu 500: kwa lita 40 ni lita 20,000 kwa mwaka, yaani kyubiki 20, mita za ujazo. Gari la kunyonya likibeba kyubiki 5, ni safari 4 kila mwaka, na gari linatoka mjini, kilomita 50 na kitu kwenda, na hizohizo kurudi, na mwenye gari anakutoza zote. Kampala wana Lubigi, mtambo uliofunguliwa 2014, ulijengwa kupokea kyubiki 400 za tope la choo kwa siku, magari yanapanga foleni kumwaga. Huku ukiita gari unalipia barabara kuliko unavyolipia tope. Matokeo yake ndo yale ya kila mahali, watu wanasubiri mpaka tangi lifurike, au wanamwita kijana usiku na ndoo na pombe kidogo ya kumpa moyo, na asubuhi tope liko kwenye korongo.

Senta ilijenga vitanda viwili vya kukaushia, mchanga juu ya kokoto na mfereji chini wa kurudisha maji kwenye septiki, unamwaga tope la kina cha sentimita 20 hivi, jua linafanya kazi. Kiangazi linakauka kwa wiki chache mpaka unalikata na jembe. Mvua ikianza hakuna kinachokauka, na vitanda havikuwa na paa, sijui kwa nini mtu anajenga kitu cha kukausha chini ya Rwenzori bila paa. Paa liliwekwa baadaye, mabati ya mitumba, na likawa kifaa cha maana kuliko vyote pale.

Wakulima wakalitaka tope lililokauka palepale. Hapo nilibishana na watu ninaowaheshimu. Limekauka, halinuki, linaonekana udongo mzuri, na mbolea ya duka bei yake tunaijua. Lakini mayai ya minyoo, zile askaris, yanavumilia ukavu kupita kiasi, na mwongozo wa WHO, shirika la afya duniani, wa mwaka 2006 unasema kinyesi kikavu kikae zaidi ya mwaka mmoja kwenye joto la nyuzi 20 hadi 35, na sehemu za baridi mwaka na nusu hadi miwili. Mwaka mzima mkulima hawezi kukuelewa. Wakakubaliana kulirundika na kulifunika kwa mwaka, likitoka liende kwenye kahawa na migomba, lisiende kwenye vitunguu wala kabichi. Kama kila mtu anafuata sina ushahidi, rundo moja lilipungua kabla ya wakati wake na hakuna aliyelisemea.

Anayesimamia yote haya ni kijana mmoja wa boda, analipwa kwa mwezi, asubuhi anachota mafuta, anakata matete, anatumbukiza fimbo septiki kupima tope, likifika theluthi ya kina anaripoti. Malipo yake yalitaka kuongezwa juu ya bei ya jerikeni kioskini na nashukuru hilo lilikufa, maana lingemtoza yule mama wa watoto sita ili mgeni wa loji aflashi. Wanalipa wanaoflashi. Shule inalipa kwa muhula, hoteli kwa mwezi.

Sasa hivi fimbo imeonyesha theluthi, tangi linatakiwa kunyonywa kabla ya mvua, na shule imeshatoa sehemu yake. Mwenye loji ya pili ndo hajatoa. Anasema atalipa kwa vyumba vilivyolala watu, si kwa vyumba vyote alivyojenga, na kusema kweli hoja yake ina maana, ila daftari la wageni analo yeye.